Duka la Mhindi Kigali na sanduku moja la mwaka 1972

Mwezi huu ukurasa wetu wa maisha umetoka nje ya kambi kidogo. Umepanda basi mpaka Kigali.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye wengi mnanunua kwake sabuni na chumvi (ameniomba nisiandike jina lake, anasema wateja wa mkopo watamsumbua), aliniambia: "Mwanangu, nisindikize mjini. Macho yangu hayasomi tena risiti." Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2021, akina mama wengi wameanza vibanda kama yeye, si mnajua wenyewe. Tukachukua kibali, tukateremka Nyabugogo, tukapanda mpaka Mateus.

Anayepajua Mateus hahitaji kuelezwa. Maboksi mpaka barabarani, wabebaji wanapiga kelele upishe njia, mafuta, viberiti, vitenge, betri, masufuria yamefungwa kwa kamba kama vifaranga. Duka tuliloingia ni la Wahindi. Bibi mzee amekaa kwenye meza ya pesa. Mwanae yuko kwenye simu, anaulizia kontena lake. Mkwe anaandika kwenye daftari kubwa. Kati yao wanaongea Kigujarati, kijana anayepakia wanamsemesha Kinyarwanda, na sisi tukasemeshwa Kiswahili kizuri tu, kuliko cha watoto wetu wengine.

Mama akahesabu franga zake, zikatosha boksi mbili. Akajaribu bahati: "Bosi, niongeze boksi moja ya sabuni, nitalipa nikirudi." Yule mkwe hakukasirika. Akasema, "Mama, sikujui bado. Nunua leo, rudi tena, tutaona."

Ndani ya basi mama alinuna mpaka Rwamagana. Halafu akasema: "Hawa wamezaliwa na pesa. Hawajui shida ni nini."

Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Lakini neno hilo lilinikaa kichwani, nikaanza kuuliza wazee na kusoma. Kumbe hadithi si hiyo.

Wengi tunadhani Wahindi wote wa huku waliletwa na Waingereza kujenga reli ya Mombasa. Ni kweli vibarua karibu 32,000 waliletwa, lakini wengi walirudi kwao na waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi walikuja wenyewe, kwa jahazi, tena wengine wakiwa watoto. Allidina Visram alizaliwa Kutch mwaka 1851 akafika Zanzibar akiwa na miaka 12 tu. Alifanya kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji, akajifunza kupeleka bidhaa bara na misafara, vitambaa na shanga na chumvi vinaenda, pembe vinarudi. Reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, yeye alikuwa anafungua maduka njiani, mpaka Uganda. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na matawi mengi, na shule yenye jina lake iko Mombasa mpaka leo.

Siri yao ilikuwa nini? Mali kauli. Tajiri wa Bombay anampa bidhaa wa Zanzibar, wa Zanzibar anampa wa Bagamoyo, wa Bagamoyo anampa kijana mwenye duka la nyasi huko ndani. Hakuna aliyelipa kwanza. Kila mmoja alilipa baada ya kuuza, na aliyekula pesa ya mwenzake habari zake zilifika mpaka kijijini kwao India. Kijana hakuwa na pesa, alikuwa na jina.

Hapa Kigali nako. Mji ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na Wahindi na Waarabu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungua maduka. Pesa ya serikali ya Wajerumani ilikuwa rupia! Ndiyo maana maneno mengi ya sokoni tunayosema bila kufikiri yametoka upande wao: pesa, laki, hundi, bima, gari, gunia, karakana. Na chapati, usisahau chapati.

Sasa tufike kwenye lile neno la mama, kwamba hawajui shida.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda. Aliwapa siku 90. Wengi walikuwa wamezaliwa hapo, na baba zao pia. Sitaki kuwapamba: biashara kubwa ya Uganda ilikuwa mikononi mwao, Waganda wengi walikuwa na hasira ya kubaki kuwa vibarua tu, na Amin aliitumia hasira hiyo. Lakini aliyefukuzwa si tajiri peke yake. Alifukuzwa fundi cherehani, mwalimu, karani, mama mjane. Kila mmoja aliruhusiwa mzigo kidogo na pesa za Kiingereza pauni kama 50. Duka, nyumba, ufunguo, vyote vikabaki. Wazee wetu wa Kongo wanaukumbuka mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu naye alipochukua biashara za wageni akazigawa, na baada ya muda rafu za maduka zikabaki tupu.

Karibu watu 28,000 walifika Uingereza. Na walifikia wapi? Kambini. Serikali ilifungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, kama Stradishall, Greenham Common, na Tonfanau huko Wales pembeni ya bahari, penye upepo mkali na baridi. Walipanga foleni ya chakula, walipanga foleni ya makoti yaliyotolewa na watu wa huruma, walisubiri kuitwa majina. Kanada ilichukua maelfu. Wale ambao hawakuwa na pasi ya nchi yoyote, HCR ilisaidia kuwapeleka kwenye vituo vya muda huko Austria, Italia, Malta na kwingine, wakasubiri nchi ya kuwapokea. Nilipomsomea mama sehemu hii aliacha kuchambua maharage. "Na wao walisubiri HCR?" Nao walisubiri, mama.

Kuna jambo moja hapa lilinichekesha na kuniuma pamoja. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wasije Leicester, kwamba nyumba zimejaa, shule zimejaa. Wakaenda vilevile! Wakafanya kazi viwandani zamu ya usiku, akina mama wakashona, wakafungua maduka kwenye mitaa ambayo ilikuwa inakufa. Leo mji huohuo unajisifia sherehe zake za Diwali.

Katika Leicester hiyo, mwaka 1981, alizaliwa mtoto wa familia moja iliyotoka Uganda, Ashish Thakkar. Mwaka 1993 wazazi wake waliuza walichokuwa nacho wakarudi Afrika. Wakachagua Kigali. Mwaka haukuisha, Aprili 1994 ikaja, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Familia ilijificha pamoja na mamia ya watu katika Hôtel des Mille Collines. Walitoka hai, bila mali, wakaanza tena Uganda. Yaani baba na mama hao walipoteza kila kitu mara mbili.

Mtoto akiwa na miaka 15 akaacha shule (vijana, msinukuu hapa tu, someni mpaka mwisho), akakopa dola 5,000, akafungua kiduka cha kompyuta Kampala. Kila wiki alipanda ndege kwenda Dubai, ananunua vipuri, anaviweka kwenye masanduku yake, anarudi kuuza, anaenda tena. Kutoka hapo ikakua kampuni ya Mara. Oktoba 2019 alirudi Kigali kufungua kiwanda cha simu, Rais Kagame akakizindua. Simu hizo hazikushika soko kama ilivyotarajiwa, na kiwanda cha pili cha kampuni hiyo huko Durban kiliuzwa kwa mnada mwaka 2022. Naandika na hilo kwa sababu magazeti hupenda kuandika mtu akipanda tu.

Wako wengine Kigali ambao vitu vyao viko nyumbani kwako bila wewe kujua. Sukari ya Kabuye: kiwanda kilianza mwaka 1969, kikanunuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Madhvani, familia ileile iliyopoteza mashamba ya miwa ya Kakira wakati wa Amin, tena mmoja wao, Manubhai, alifungwa kwanza gerezani Makindye. Sabuni za Sulfo: kiwanda cha familia yenye asili ya Kihindi, kiko Kigali tangu 1962. Na pikipiki ya motari aliyekubeba kutoka Nyabugogo, kama ni TVS, hiyo nayo ni ya India.

Ila msidhani kila Mhindi wa Kigali ana kiwanda. Wengi ni wahasibu, wauza dawa, mafundi, walimu, watu wa mkataba wa miaka miwili wanaotumia wake zao pesa kule nyumbani. Jumapili utawaona vijana wao uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa 2017, wanacheza na Wanyarwanda waliojifunza mchezo huo ukimbizini Uganda na Kenya. Wako wanaosali hekaluni na wako wanaosali msikitini. Wengi hawagusi nyama kabisa. Na wapo pia mabosi wagumu, wafanyakazi watakwambia, mshahara mdogo na maneno makali. Hilo nalo nimelisikia, silifichi.

Turudi kwa mama. Safari ya pili alinunua boksi tatu kwa pesa taslimu, duka lilelile, akamsalimia bibi mzee na kumuuliza habari za magoti. Safari ya tatu hakuomba chochote. Alipokuwa anafunga mzigo, yule mkwe akafungua daftari akamuuliza, "Sabuni boksi ngapi?" Akamwandikia boksi moja, siku kumi na nne.

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha, wateja hawakutoka, na pesa ilikuwa bado pungufu franga elfu tatu. Mama aliuza kuku wake. Siku ya kumi na nne alituma pesa kwa simu, halafu akapiga kuhakikisha imefika. Bibi mzee ndiye aliyepokea. Mama anasema hakuelewa yote aliyosema, lakini alicheka, na safari iliyofuata waliandikiwa boksi mbili.

Nimeandika "waliandikiwa" kwa makusudi, maana sasa wako akina mama wanne wanaochangia nauli ya mzigo na kununua pamoja. Wanatafuta wawili zaidi, wenye kibanda tayari. Anayetaka aje ofisi ya vijana kabla ya tarehe 15, aulize mama wa sabuni. Kuku hawadaiwi.