Watoto wa Manamba na Ardhi Isiyo Yao

Watani wa Tanga hawachoki: eti watu wa huko wanapenda raha, kazi hawaitaki, ndiyo maana mji wao umelala. Ni utani wa vibarazani, wala hauna ubaya, isipokuwa pale unapoingia kwenye mijadala ya maendeleo na kugeuzwa maelezo ya umaskini. Mkoa huu ndio uliowahi kuibeba hazina ya nchi, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa kuamka alfajiri.

Mkonge ulikuja na meli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida; iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakatapakaa Muheza na Korogwe, yakiifuata reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea Moshi. Wakati wa uhuru Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na hapakuwa na zao lililoiingizia fedha nyingi zaidi za kigeni. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000.

Tatizo tangu mwanzo lilikuwa watu wa kuukata. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na mwenye shamba lake hana sababu ya kumkatia mwingine mkonge kwa ujira mdogo. Wenye mashamba wakatazama mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu hata kule ambako mazao ya biashara hayakupewa msukumo, hivyo kijana wa Kiha kutoka Kigoma hakuwa na pa kuipata fedha hiyo ila kwenye kazi ya mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua na kuwasafirisha hadi mashambani. Hao ndio manamba.

Kazi yenyewe haina kificho. Mkataji huingia shambani jua halijakolea, hukata jani moja moja shinani kwa kisu na kuondoa ule mwiba mweusi wa ncha unaoweza kumpofua mtu. Maji ya mkonge huwasha ngozi, na shati la mikono mirefu halisaidii sana. Majani hufungwa thelathini thelathini, mafungu yakapangwa kando ya njia kusubiri kitoroli cha kwenda kwenye korona, mashine inayosaga jani na kuacha nyuzi. Enzi za manamba, siku haikuhesabiwa mpaka kazi iliyopimwa iishe, na mshahara haukutoka mpaka kadi ya kipande ijae siku thelathini za kazi. Aliyeugua katikati alikaa na kadi yake.

Nyumba ilikuwa ya kambi, na kambi ilikuwa ya kampuni. Ardhi hakuna aliyepewa. Jambo hilo halikuonekana zito maadamu mshahara ulikuwapo.

Kisha bei ikaanguka. Kamba za plastiki ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1960, zikachukua kazi kubwa ya mkonge, ile ya kufungia marobota ya nyasi katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Ndani ya miaka michache bei ilishuka karibu nusu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na shirika la umma likarithi mikonge iliyozeeka, mitambo chakavu na soko linalosinyaa. Wapo wanaoulaumu utaifishaji peke yake. Usimamizi kweli ulikuwa mbovu, lakini bei ilikuwa imeanza kuporomoka kabla ya Azimio, na vibarua walikuwa wameanza kupunguzwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani 20,000 hivi.

Anguko hilo halikuwaumiza wote sawasawa. Mwenye shamba lake mlimani Lushoto alipopoteza kibarua alirudi kwenye migomba. Mzee aliyetoka Kigoma akiwa kijana hakuwa na pa kurudi. Watoto wake walizaliwa kambini, Kiha hawakijui vizuri, na eneo walilolizoea kama kwao lilikuwa na hati ya mtu mwingine, hata pale lilipogeuka pori. Migogoro ya ardhi ya Muheza na Korogwe ilichochewa na hali hiyo: vijiji vimebanwa huku maelfu ya ekari yakiwa yamelala. Baadhi ya hati zimefutwa na ardhi kugawiwa wananchi, hatua nzuri iliyochelewa kizazi kizima.

Tangu 1999 wakulima wadogo wamekuwa wakipewa maeneo ya kulima mkonge ndani ya mashamba kama Hale, Ngombezi na Magoma, na serikali sasa inauhesabu mkonge kati ya mazao ya kimkakati. Ardhi, basi, imeanza kuhama mikono. Korona bado. Jani likishakatwa halisubiri. Likikaa mno nyuzi zinaharibika, na mkulima wa ekari tano hana uwezo wa kununua mashine hiyo. Anayemiliki korona ndiye anayepanga zamu na gharama, hivyo sehemu nono ya faida hubaki kwake. Ubinafsishaji na utaifishaji vyote vimepita bila kuubadili sana mpango huo.

Halafu kuna muda. Mkonge unahitaji kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza, na muda wote huo lazima upaliliwe. Kijana wa Korogwe akipiga hesabu hiyo huona afadhali bodaboda, yenye fedha ya jioni ileile. Ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa mashine ya kushonea au kuku wa mayai inafaa. Kwa mkonge, marejesho huanza kudaiwa muda mrefu kabla jani la kwanza halijakatwa.