Kuhara kwa Mtoto Aliyepandikizwa

Kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Ujiji, huku Kigoma, mtoto akiharisha mama hashikwi na bumbuwazi: ORS, vidonge vya zinki, uji mwepesi, na kama ananyonya, aendelee kunyonya. Wengi hupona ndani ya siku chache. Lakini kwa mtoto aliyepandikizwa figo au uloto, kuhara huko huko ni dharura.

Watoto hao si habari za ng'ambo tena. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mwaka 2023 Dodoma ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nchini kila mwaka. Wakishatibiwa hurudi makwao, na wengine makwao ni mbali na daktari aliyewapandikiza.

Dawa zinazouzuia mwili usikikatae kiungo kipya huidhoofisha kinga. Norovirusi, ambayo mtoto mwenye afya huishinda kwa siku mbili tatu, inaweza kukaa kwenye utumbo wa mtoto huyu kwa miezi, akikonda huku wazazi wakidhani ni minyoo. Adenovirusi nayo yaweza kuwa imejificha mwilini tangu utotoni, ikaibuka kinga inapolegea.

Kuna jambo linalowashangaza hata wahudumu wa afya. Mtu angetarajia kuhara kupunguze dawa mwilini. Kwa takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia kiungo kisikataliwe, mara nyingi huwa kinyume. Ukuta wa utumbo wenye afya huivunja sehemu ya dawa hiyo na kuisukuma nyingine nje. Virusi vikiuharibu ukuta huo, dawa nyingi zaidi hupenya kwenye damu, nayo ikizidi huidhuru figo, wakati ambapo figo hiyo tayari imepungukiwa maji.

Kwa aliyepandikizwa uloto, mtego ni mkali zaidi. Chembe za kinga za aliyemchangia uloto zinaweza kuushambulia utumbo wa mtoto, naye akaharisha vilevile. Hapo kinga huzimwa zaidi kwa dawa. Kama chanzo ni virusi, kuizima kunaweza kumwangamiza. Kuangalia choo kwa macho hakutoshi. Panahitajika vipimo vya maabara, na wakati mwingine kuchunguza kipande kidogo cha utumbo.

Nyumbani, kinga ya kweli ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu vitakasa mikono vyenye spiriti haviiui norovirusi vizuri. Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu kiasi cha kuonyesha kokoto chini, yachemshwe. Mdogo wa mtoto aliyepandikizwa apate chanjo ya rota kama kawaida, akiwa na wiki 6 na 10. Ila virusi hai vilivyodhoofishwa vya chanjo hutoka kwenye kinyesi, hivyo anayembadilisha nepi anawe kabla ya kumgusa mgonjwa.

Akianza kuharisha, msiache dawa wala kuongeza. Pigieni simu waliompandikiza, na mkifika Hospitali ya Maweni neno la kwanza mapokezi liwe kwamba mtoto amepandikizwa. Bebeni faili, orodha ya dawa na dozi ya asubuhi: kiwango cha takrolimasi hupimwa kabla hajaimeza, kisha humezeshwa mara damu ikishatolewa.