He-Man Arudi, Lakini Nani Atamchezea?

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sanamu za He-Man zilijitembeza hasa. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilizitoa mwaka 1982, na mwaka uliofuata Filmation ikazitungia katuni ya televisheni, vipindi 130, ambavyo humalizika kwa mawaidha kwa watoto. Katuni ilikuwa mnadi, sanamu ndiyo bidhaa.

Sasa mambo yamegeuka. Katika toleo jipya la Mattel, Cartoon Collection, sanamu ndiyo inayoiga katuni. Uso wa Skeletor ni fuvu la manjano tupu, kama lilivyoonekana kiooni.

Kazi yenyewe ni nzuri. Sanamu ina kimo cha inchi 5 na nusu. Ile ya 1982 haikuwa na goti wala kiwiko, hii yakunjika kote, na kichwa na mikono hutoka, ikabadilishana na mwenziwe.

Ila wanunuzi wengi ni watu wazima, na baadhi yao huiacha kashani isishuke bei. Viungo vyote hivyo ni vya nini, ikiwa hakuna mkono wa kuvikunja?

Twajua Bi Aisha (R.A.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wanazuoni wengi wameruhusu sanamu za mchezo wa watoto. Ya kupambia kabati ni suala jingine.

Basi mwenye kununua na afungue kasha, ampe mtoto. Hapo ndipo tutakapojua kama ni chema.