Saa ya Magharibi Ukutani Florence

Katika mji wa Florence, nchini Italia, limo kanisa liitwalo Ognissanti. Ndani yake ipo picha ya ukutani aliyoichora Sandro Botticelli mwaka 1480, rangi zikipakwa juu ya chokaa mbichi ili vikauke pamoja. Aliyechorwa ni Mtakatifu Augustino, mwanachuoni wa Kikristo na Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafariki huko huko mwaka 430.

Najua wako watakaoniuliza: sisi ambao misikiti yetu haitiwi sura za watu, picha ya kanisani yatuhusu nini? Jawabu langu ni kwamba picha hii yasomwa kama barua, na neno lake kubwa mtu wa pwani aweza kulielewa upesi kuliko Mzungu wa leo.

Tuzitazame alama zake. Kofia ya uaskofu yatwambia cheo cha mwenyewe. Tufe la pete ni chombo cha elimu ya falaki, na nyuma yake kuna kitabu wazi chenye michoro ya hesabu za maumbo. Basi huyu ni mtu wa ilimu. Lakini hasomi wala haandiki. Ameweka mkono kifuani na macho ameyainua, kama aliyeitwa ghafula.

Ni nani aliyemwita? Tuitazame saa iliyo nyuma ya kichwa chake. Ina tarakimu 24, na mshale umefika mwisho wa saa ya 24. Mzungu wa leo atasema ni usiku wa manane. Sivyo. Waitalia wa zama zile walianza siku mpya jua linapotua, kama sisi ambao usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi magharibi, na saa moja ya usiku huhesabiwa tangu jua kuchwa. Kwa hivyo saa ile ni ya magharibi.

Wakristo wa kale walisimulia kwamba Augustino alikuwa akimwandikia mwenziwe Yeronimo, kumwuliza furaha ya roho za watu wema ilivyo. Mara chumba kikajaa nuru. Yeronimo alikuwa amefariki saa ile ile huko Bethlehemu, na sauti yake ikamwuliza Augustino kama adhani aweza kuitia bahari yote katika chombo kidogo.

Yeronimo mwenyewe yuko ukuta wa pili wa kanisa hilo, kazi ya Domenico Ghirlandaio ya mwaka uo huo, meza yake ikiwa imetandikwa zulia la Mashariki.

Mimi naisoma hivi: mchoraji hakuidharau ilimu, maana vyombo vyake vyote amevichora kwa makini. Ila ameongeza saa, mshale ukiwa ukingoni, kutukumbusha kuwa ilimu ya mwanadamu ina mwisho. Na sisi tuliozaliwa ufukoni twajua bahari haichoteki ikaisha kwa kata.