Mti Usio na Ardhi: Mtazamaji Mbele ya Picha za Ndoto

Miongoni mwa kazi zinazotundikwa katika makumbusho ya sanaa, ni chache zinazomshangaza mtazamaji wa kawaida kama picha za usurealisti zilizopigwa bila rangi. Usurealisti ni mkondo wa sanaa uliotangazwa mjini Paris mwaka 1924, mshairi André Breton alipochapisha ilani yake ya kutetea kazi zinazofuata mantiki ya ndoto. Vitu vyenyewe, kama vile mti, mkono au kiti, huwa vya kawaida, lakini hukutanishwa kwa namna ambayo havikutani katika maisha ya kila siku. Mtu wa Paris na mtu wa Marani, katika milima iliyo kaskazini mwa mji wa Kisii nchini Kenya, wakisimama mbele ya picha moja ya aina hiyo, huenda wakaondoka na maana mbili tofauti, na hakuna kati yao atakayekuwa amekosea.

Ili kuelewa sababu yake, inafaa kuanza na utengenezaji wa picha hizo. Mpigapicha Mmarekani Jerry Uelsmann, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2022, alizitunga picha zake katika chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia filamu, miaka mingi kabla ya kompyuta kuanza kutumika kwa kazi hiyo. Alipanga mashine kadhaa za kukuzia picha, kila moja ikiwa na negativu yake, kisha akaihamisha karatasi moja kutoka mashine hadi mashine, huku akizuia mwanga kwa mkono au kwa kipande cha kadi pale ambapo hakutaka picha itokee. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalimwandalia maonyesho yake peke yake mwaka 1967, na mojawapo ya picha zake zinazofahamika sana ni ile ya mti unaoelea hewani, mizizi yake ikining'inia juu ya maji.

Kukosekana kwa rangi kunausaidia sana ujanja huo. Majani ya kijani na maji ya buluu yaliyopigwa katika siku mbili tofauti huumbuana kwa rangi zao, ilhali weusi, weupe na kijivu huviunganisha vitu hivyo hadi jicho lisione mahali vilipoungwa. Tena picha isiyo na rangi ina heshima yake ya zamani: katika nyumba nyingi za Kenya ni picha ya babu au nyanya iliyotundikwa sebuleni, au ile ya kitambulisho cha zamani, na kwa sababu hiyo watu wamezoea kuichukua kuwa ushahidi. Akili inapoambiwa na ushahidi huo kwamba mti unaelea, hubaki kati ya kuamini na kukataa, na hapo ndipo mshangao huanzia.

Mshangao huo ukishaingia, kila mtazamaji huujaza kwa maisha yake mwenyewe. Mkazi wa mji mkubwa anaweza kuuona mti ule kama uhuru, kwa kuwa umejinasua udongoni. Lakini kwa mkulima wa Marani, ambako mashamba ni madogo na mti uliopandwa mpakani huweza kuwa shahidi katika kesi ya ardhi, mizizi iliyo wazi inaweza kumaanisha mpaka uliong'olewa na urithi uliopotea. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1980, alitenganisha mambo mawili katika kuitazama picha: lile ambalo mtu yeyote mwenye elimu ya kiasi anaweza kulieleza, na lile linalomchoma mtazamaji mmoja bila kumgusa aliye karibu naye. Barthes mwenyewe aliandika kwa kirefu kuhusu picha ya mama yake akiwa mtoto, lakini hakuichapisha, akijua kwamba kwa wasomaji wake ingekuwa picha ya mtoto tu.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi pale Afrika yenyewe inapokuwa ndani ya picha. Mwaka 1926 Man Ray, Mmarekani aliyeishi Paris, alimpiga picha mwanamke aliyefumba macho, uso wake ukiwa umelala juu ya meza, na kando yake kinyago cheusi cha mtindo wa Wabaule wa Côte d'Ivoire kimesimamishwa kwa mkono. Watazamaji wengi wa Ulaya wamesifu namna nyuso hizo mbili zinavyofanana na kupingana. Mtu aliyekulia karibu na wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, katika kaunti ya Kisii iliko Marani pia, ana haki ya kuuliza swali jingine: nani alikichonga kinyago hicho, na kwa nini jina la mpigapicha limehifadhiwa ilhali la mchongaji halitajwi?

Wala sanaa hii si ya kigeni kabisa. Huko Lamu, katika pwani ya Kenya, mpigapicha Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya 1932 na 1993 na kujifunza kazi mwenyewe, alikata picha za wateja wake na kuziunga upya, hata uso wa mtu ukachomoza katikati ya ua. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend amezichambua kazi za studio ya Bakor katika kitabu chake cha mwaka 2013. Kwa mteja wa Bakor, picha ya ajabu haikuwa fumbo la mgeni, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani yake, na aliilipia ili aipeleke nyumbani.

Kwa hiyo anayeingia makumbushoni asikimbilie kibao cha maelezo. Kwanza asimame, ajitajie anachokiona, asikilize kilichomgusa, kisha ndipo asome jina la msanii na mwaka. Kitendawili huwa na jibu ambalo mtegaji analijua tangu mwanzo. Picha hizi hazina jibu la namna hiyo, na mtazamaji wa Marani hana haja ya kutoa mji, kama afanyavyo aliyeshindwa na kitendawili, ili apewe maana yake.