Msitu una lango, sengenya haina

Kaya Kinondo, msitu mtakatifu kusini kidogo ya Diani huko Kwale, mgeni haingii hivi hivi. Hulipa kiingilio, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji wa Kidigo na kukatazwa kutoka na chochote, hata jani kavu. Wazee ndio waliotunga masharti hayo. Mwaka 2008 UNESCO iliutia msitu huo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia, na mapato ya utalii wake hubaki kwa wenyeji.

Usiku mgeni yuleyule huketi hotelini na kupigiwa sengenya, ngoma ya Wadigo haohao. Hapo hakuna lango. Atakayeirekodi kwa simu ataondoka nayo, na prodyuza atakayeikata vipande na kuitia katika wimbo wake hamuulizi mtu. Kwangu mimi, hapo ndipo biashara ya ngoma Kwale inapovuja.

Kikundi cha ngoma hukodiwa kwa shoo moja. Nauli hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa, na wageni wakichangamka hutuza kidogo. Masika yakiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni hupungua na shoo pia. Yakizuka makubwa, kama machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 au korona ya 2020, pato hukatika kabisa. Mgawanyo huo wa malipo ya shoo unawaumiza zaidi wenye ujuzi adimu. Mtazame mpiga nzumari: mashavu yamemjaa pumzi, anavuta hewa kwa pua huku anaendelea kupuliza, na sauti haikatiki hata mara moja juu ya chapuo, vumi na mlio wa upatu. Huo ni ufundi wa miaka, na mwisho wa usiku fungu lake ni lile lile la kila mtu.

Pesa ya kudumu iko kwenye umiliki. Them Mushrooms, ndugu wa ukoo wa Harrison, walikuwa bendi ya hoteli za pwani kabla ya "Jambo Bwana" ya Teddy Kalanda kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 Boney M wa Ujerumani wakaitoa kwa namna yao. Wimbo wa namna hiyo huendelea kuzaa mirabaha muda mrefu baada ya hoteli kuzima taa, ilimradi jina la mtunzi limeandikwa. Sengenya haina mtunzi mmoja wa kuandikwa, na ndiyo maana vijana wa pwani wanaoitilia gitaa la besi na kinanda wanahitaji njia nyingine.

Ireland wameipitia. Chama cha Comhaltas, kilichoundwa 1951, kinafundisha muziki wa asili na kuandaa mashindano kila mwaka. Ni katika udongo uliolimwa hivyo ndipo bendi kama Lankum ya Dublin ilipoota: inachukua nyimbo za kale na kuzipiga kwa uzito na sauti za kukokota, na albamu yake ya 2023, False Lankum, iliwania tuzo ya Mercury. Wimbo wa kale hubaki wa wote, ila mpangilio mpya ni mali ya waliouunda.

Kwetu Kenya pia Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda mpangilio wenye ubunifu wa kutosha, na mwimbaji au mpigaji ana haki zake kama mtendaji. Ni kweli vyama vya kukusanya mirabaha vimesumbuana na bodi ya hakimiliki, KECOBO, kuhusu leseni, na msanii ndiye aliyeumia. Lakini ipo sheria nyingine isiyosemwa sana: ile ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Inataka anayetumia sanaa ya jamii kibiashara apate kwanza idhini ya wenyewe na kuwagawia faida. Kazi ya kukusanya na kuandikisha sanaa hizo imekabidhiwa serikali za kaunti.

Mgodi wa Base Titanium ulifungwa mwishoni mwa 2024, na Kwale inatafuta riziki mpya kila pembe. Daftari la kaunti la kuandikisha ngoma halihitaji tingatinga kama mgodi. Linahitaji karani, kinasa sauti, na wazee wa Kinondo na Msambweni wakiketi na vikundi kukubaliana nani atoe idhini, kwa kiasi gani, na fungu la mpiga nzumari liwe lipi. Bendi ya kijana itakayokuja na besi yake itajua mlango wa kubisha, na itakuwa na karatasi ya kumwonyesha mwenye hoteli, studio au kampuni ya simu.

Kaunti ilifungue daftari hilo sasa, na vikundi visisubiri: kila kikundi kiandike leo majina ya wapigaji wake, nyimbo zake na masharti yake, kabla ya kukubali shoo nyingine.