Muhula wa Kupe: Ndigana Kali na Homa ya Papasi katika Nchi ya Meru na Embu

Mtu ashukaye kutoka ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, akapita mashamba ya chai ya Kionyo au ya Manyatta, akaingia katika ukanda wa kahawa wa Nkubu na Runyenjes, kisha akateremka hadi nyika za Siakago na Kiritiri, huvuka kwa muda wa saa chache hali tatu za hewa na, kwa hesabu ya mganga wa mifugo, hali tatu za maradhi. Juu kwenye baridi kupe ni wachache. Katikati, penye mvua ya kutosha, joto la wastani na nyasi ndefu kandokando ya njia, hustawi sana. Na chini, katika nchi ya Mbeere na Tharaka, huongezeka mvua zinyeshapo na kupungua kiangazi kishikapo. Katika kanda hizo tatu ng'ombe hununuliwa, hutolewa mahari na kuhamishwa kila siku ya soko, na mara nyingi mnunuzi hamuulizi muuzaji ila maziwa mangapi na mimba ya miezi mingapi. Swali la kupe haliulizwi, nao ndio wauao ng'ombe. Nami nimekusudia kuonyesha hapa kwamba maradhi ya kupe yaliyo makali kupita yote katika nchi hii humpa mfugaji muhula, tena zaidi ya mara moja, na kwamba hasara nyingi tuzionazo hutokana na muhula huo kupita bila ya mtu kuujua.

Maradhi hayo ni ndigana kali, ambayo vitabu huiita homa ya Pwani ya Mashariki, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe waliopakiwa merikebuni kutoka pwani yetu. Ng'ombe wa kienyeji wa Mbeere wamekaa nayo tangu zamani: ndama huambukizwa mapema, baadhi yao hufa, na wabakiao huwa na kinga ya kuwatosha maisha yao. Lakini baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliowafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, Friesian na Ayrshire pamoja na chotara wao walienea katika miteremko ya mlima, na ng'ombe hao, ambao maziwa yao yamesomesha watoto wengi, hawana asili ya kustahimili ndigana. Katika zizi lisilo na kinga wala tahadhari, wafao waweza kuwa wengi mno kuliko waponao.

Kiletacho ugonjwa ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, Theileria parva, na mbebaji wake ni kupe wa sikio, mwenye rangi ya hudhurungi. Maisha ya kupe huyu yana vituo vitatu, na kila kituo kina mnyama wake. Kitoto chenye miguu sita, kikiisha kuanguliwa ardhini, hupanda jani na kumngoja mnyama apitaye, hunyonya kwa siku kadhaa, huanguka na kujivua ngozi. Hutoka tunutu mwenye miguu minane, naye hupanda mnyama wa pili, hushiba, huanguka na kujivua tena. Ndipo atokapo kupe mzima anayemtafuta mnyama wa tatu, na jike akiisha kushiba hutaga maelfu ya mayai, kisha hufa. Ndigana haipiti katika yai: kitoto cha kupe huanguliwa kisafi, hata ikiwa mama yake alijaa vijidudu. Huvipata kwa ng'ombe aliye mgonjwa, ama kwa yule aliyepona akabaki navyo katika damu yake ilhali afya yake ni njema, na huviambukiza katika kituo kifuatacho, kwa mnyama mwingine kabisa.

Hapa ndipo ulipo muhula wa kwanza, nao laiti ungetangazwa katika kila baraza la chifu kutoka Maua hadi Ishiara. Kupe aliyejishikiza sikioni leo, hata akiwa na maambukizo, kwa kawaida hawezi kuyatoa leo. Vijidudu vimelala katika tezi za mate yake, navyo huamshwa na joto na damu. Huhitaji siku kama tatu au nne za kunyonya kabla havijakomaa na kumiminika pamoja na mate katika mwili wa ng'ombe. Kupe aliyepanda Jumatatu asubuhi akauawa Jumatano, aghalabu amekufa kabla ya kudhuru. Herbert Watkins-Pitchford, daktari wa mifugo wa Natal, alipotengeneza josho lake zaidi ya miaka mia moja iliyopita, aliwapangia ng'ombe kuogeshwa kila siku ya tatu au ya tano, na kwa utaratibu wa namna hiyo, ukifuatana na kuwafunga ng'ombe wasihamishwe na kuwachinja wagonjwa, nchi ya Afrika Kusini iliing'oa ndigana kali kabisa katika miaka ya 1950. Mfugaji wa Embu anayenyunyiza dawa mara moja kwa mwezi, au amwonapo kupe aliyevimba kama punje ya kahawa, huua kupe aliyekwisha maliza kazi yake.

Muhula wa pili huanza vijidudu vikiisha kuingia mwilini. Kwa muda wa juma moja hadi majuma mawili, pengine zaidi, ng'ombe hula, hucheua na kukamuliwa kama kawaida. Dalili ya kwanza ni tezi iliyo chini ya sikio, upande ule kupe aliponyonya, nayo huvimba kabla ya homa kudhihiri. Kisha huvimba ile iliyo mbele ya bega. Mfugaji anayempapasa ng'ombe wake shingoni kila akamuapo huijua tezi hiyo ilivyo siku zote, na ikizidi huigundua kwa vidole, bila ya chombo chochote. Baada ya siku chache joto hupanda kupita nyuzi 39.5, na laweza kufika 41 au 42. Maziwa hupungua ghafla, macho hutoka machozi, ng'ombe hukataa kula. Mwisho wa mambo huwa mapafuni, maana hujaa maji, mnyama akahema kwa taabu, akakohoa, na povu jeupe likamtoka puani. Aliyefikia povu amekwisha upita muhula.

Sababu ya mwendo huo ni ya ajabu. Kijidudu huingia ndani ya chembe nyeupe ya damu, askari yule yule aliyewekwa kuulinda mwili, na badala ya kumuua humlazimisha agawanyike bila kikomo, nacho kikigawanyika pamoja naye, hata tezi zikajaa majeshi ya chembe zisizotii amri. Kwa hiyo mahali pa kuutafuta ugonjwa ni katika tezi. Daktari huchoma tezi iliyovimba kwa sindano, hupaka maji yake juu ya kioo, hukitia rangi ya Giemsa na kukitazama kwa hadubini, akaona ndani ya chembe zile madoa ya buluu yaitwayo miili ya Koch, kwa jina la Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyeyaeleza. Damu ya sikio peke yake haitoshi: ng'ombe mwenye afya aliyepona zamani aweza kuonekana na vijidudu vichache katika damu, na mchunguzi mwenye haraka akamhukumu mgonjwa wa ndigana, kumbe ana maradhi mengine. Vioo hivyo vyaweza kutazamwa katika maabara ya uchunguzi wa mifugo iliyoko Karatina, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya mtamba mmoja.

Dawa ya kuiponya ndigana ipo, nayo ni buparvakwoni, na iliyoitangulia ni parvakwoni. Ikidungwa tezi zikiwa zimevimba na homa ikiwa changa, wengi hupona. Ikichelewa, vijidudu hufa na ng'ombe hufa vilevile, kwa kuwa mapafu yamekwisha haribika. Kinachochelewesha aghalabu ni sindano ya manjano, yaani oksitetrasaiklini, inayonunuliwa agroveti na kudungwa kwa siku mbili tatu kwa kubahatisha, kwa sababu ni rahisi na kila mtu anaifahamu. Dawa hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha anza homa. Huponya ndigana baridi, ugonjwa mwingine uletwao hasa na kupe wa buluu, ambao ng'ombe wake hana tezi zilizovimba, bali hufunga choo, na utando wa macho na ufizi huwa mweupe, kisha manjano. Kupe huyo wa buluu huleta pia ugonjwa wa mkojo mwekundu, wenye dawa yake mbali. Kwa mbuzi wa maziwa, ambao walienea Meru na Tharaka hasa baada ya mradi wa FARM-Africa ulioanza mwaka 1996, ajaye kwa hatari ni kupe mkubwa wa madoadoa mwenye kuleta maji ya moyo: mbuzi hutetemeka, huinua miguu juu akitembea, huzunguka mahali pamoja, na hufa mara nyingine kabla ya mwenyewe kurudi shambani.

Mintarafu ya kinga, majosho ya umma yalifanya kazi kubwa katika wilaya hizi mpaka miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipopunguza mkono wake, na mengi sasa yamesimama makavu, yakiota magugu. Mahali pake pamechukuliwa na bomba la mgongoni, na bomba halina kosa. Kosa lipo katika vipimo. Dawa ikizimuliwa kupita kiasi ili chupa ndogo itoshe mwezi mzima, hufa kupe dhaifu na kubaki wale wagumu, nao ndio watakaozaa. Wala kubadili jina la chupa si kubadili dawa, kwa kuwa majina matano yaweza kuwa ya jamii moja. Mfugaji na amwombe mwenye duka amsomee kilichomo ndani. Anyunyize kwa kuelekeza mdomo wa bomba ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya miguu, wala asiridhike na mgongo unaong'aa maji. Wako wanaosema kwamba ng'ombe asiyetoka zizini hana haja ya yote haya. Hawakosei sana, kwa maana ufugaji wa ndani umepunguza kupe kwelikweli. Illa nyasi zikatwazo kandokando ya barabara ambamo ng'ombe wa jirani wamelisha huingia zizini na kupe wake, na ng'ombe wa ndani, kwa vile hakupata kuumwa, hana kinga hata kidogo. Majani ya nepia yaliyopandwa ndani ya ua ni amani zaidi.

Iko pia chanjo, nayo ilibuniwa karibu nasi, huko Muguga, katika miaka ya 1970, wakati taasisi ya hapo ilipokuwa ya utafiti wa mifugo wa Afrika Mashariki nzima. Ndani yake mna vijidudu hai vya namna tatu, vilivyopatikana kwa kuwasaga kupe walioambukizwa, na ng'ombe hudungwa vijidudu hivyo pamoja na, siku ile ile, tetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Basi dawa ile ile isiyofaa kitu homa ikishapanda, hapa yafaa mno, kwa kuwa imewahi: huvizuia vijidudu visiuzidi mwili hadi mwili ujifunze kuvishinda, na kinga ipatikanayo hudumu kwa miaka mingi. Ugumu wake ni wa uhifadhi. Chanjo hukaa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mrija mmoja ukiyeyushwa huwatosha ng'ombe 30 hadi 40 na hauna budi kwisha kwa saa chache. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kuuita peke yake. Vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo Meru inavyo vyenye nguvu, vinajua kila mwanachama ana ng'ombe wangapi na huwafikia kila asubuhi. Sioni chombo kingine kilicho tayari kuliko hicho kuwakusanya majirani siku moja.

Chanjo hiyo haimkingi kikamilifu ng'ombe alishaye pamoja na nyati. Nyati huvibeba vijidudu hivi bila kuugua, na vile vya kwake huwaua ng'ombe, hata wenye kinga. Wakaao kando ya Hifadhi ya Meru, ya Mwea, au ya msitu wa mlima wenyewe, hawana njia bora kuliko kuwatenga ng'ombe na malisho ya nyati.

Mwanadamu naye hakuachwa. Homa ya papasi ilikuwa maradhi mashuhuri katika Meru kiasi cha G. A. Walton kuiandikia makala ya kitabibu mwaka 1950, kabla hajaiandikia ile ya nchi ya Wadigo. Papasi ni kupe laini akaaye katika nyufa za kuta na sakafu za udongo. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja, hurudi ufani kabla ya mapambazuko, na aweza kukaa miaka bila chakula. Tofauti na kupe wa ng'ombe, yeye haachi muhula: huambukiza kwa dakika chache, na jike huwarithisha watoto wake maambukizo katika yai. Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo, ilimuua yeye mwenyewe huko Kasongo mwezi wa Februari 1905. Ndiyo maana kinga yake ni nyumba: sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu, kitanda kilichotengwa na ukuta, na nyumba za namna hiyo zimemfukuza papasi mahali pengi miteremkoni. Lakini katika jiko la zamani na kibanda cha kuku aweza kuwapo bado.

Homa yake hupanda kwa ghafla, hudumu siku chache, hushuka, na baada ya juma moja hivi hurudi, na kila irudipo hudhaniwa malaria. Basi mgonjwa aliyepimwa malaria asionekane nayo, na homa imemrudia, amweleze tabibu alilala nyumba gani, na damu itolewe homa ikiwa ingali juu, kwani ikishuka vijidudu huwa haba na kioo chaweza kuonyesha damu safi. Doksisaiklini au penisilini huiponya. Dozi ya kwanza ipewe mbele ya mhudumu na mgonjwa abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, kwa sababu vijidudu vifapo kwa wingi homa huweza kupanda upya na msukumo wa damu kushuka. Na mwenye mimba, ambaye homa hii huweza kumharibia mimba au kumuua mtoto aliyezaliwa karibuni, apelekwe hospitali siku ile ile homa ianzapo, asingojee irudi.